Hapana wa Kulaumiwa

Mchele wa meneja ulifika siku ya pili ya matanga, gunia zima, na sukari, na debe la mafuta. Mchukuzi alikuwa hajautua begani na habari yake ilikwisha fika kisimani, dukani, hata kwa wavuvi waliokuwa wakishona nyavu huko chini. Mchinga ya mwaka ule wa 1951 haikuwa na gazeti. Ilikuwa na Bi Sada.

"Gunia zima, shoga! Mweupe, wa dukani!" Bi Sada alikuwa amekaa uani kwa mzee Pazi, baba wa marehemu, anamenya vitunguu vya msiba, machozi yanamtoka na maneno yanamtoka. "Shamba lile la Mikoroshini nalijua tangu mkonge haujapandwa. Wamekufa watu kwa homa, wamekufa kwa nyoka, sijaona meneja akileta hata kibaba. Huyu kafaje hata akaletewa gunia?"

"Sada, mama yake anasikia."

"Asikie. Kwani hajui?"

Mwahija alisikia. Alikuwa ndani, juu ya jamvi, miguu kainyoosha, kaniki kajifunika kichwani, na wanawake wamemzunguka pande zote. Alijua vizuri mwanawe alivyokufa. Jumanne, saa nne ya asubuhi, mkanda mkubwa unaozungusha korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge, ulimdaka Salumu mkono wa shati, na hata mtu akakimbia kuzima injini, hapakuwa na la kuokoa. Miaka yake ishirini na mitatu. Waliomkosha walikuwa wawili, na wote wawili walikataa kusimulia.

Lakini lilikuwapo jambo jingine alilolijua, na hilo hakuna aliyelijua ila yeye. Wiki mbili kabla, Salumu alikuwa anakula ugali kwa kisamvu pale jikoni, akamwambia, "Mama, kile kifuniko cha bati cha mkanda kimetolewa. Nyapara mkuu anasema kinachelewesha kazi, kila mkanda ukiteleza watu wanapoteza muda kufungua na kufunga. Sasa mkanda unapita wazi, hapa." Akajigusa ubavuni. "Niende kwa meneja, au ninyamaze?"

Mwahija alikuwa na chungu kinachemka na kuni mbichi zinamtia moshi machoni. Alimjibu kama mama yeyote wa pale angemjibu mwanawe. "Mungu atakulinda, baba. Kula."

Naye akala.

*

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha na wanaume wakawa wamebaki majamvini wanakunywa kahawa, akaingia Tomaso na mkewe Yustina. Tomaso alikuwa Mmwera wa upande wa Nyangao, Mkristo, mfanyakazi mwenzake marehemu. Alivua kofia tangu mlangoni. Yustina akapita ndani kwa wanawake, naye akabaki amesimama kama mtu asiyejua akae jamvi gani.

"Shikamoo, mzee Pazi. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekwisha poa. Mungu kapenda. Kaa."

Tomaso akakaa pembeni kabisa. Karibu na mzee alikaa Abdala, karani wa shamba, mtoto wa Mchinga hiyohiyo, kanzu yake ya Ijumaa kaivaa Alhamisi na kalamu kaichomeka mfukoni. Ndiye aliyeuleta mchele.

"Mzee," Tomaso akaanza, "Jumatatu anakuja bwana wa leba, yule afisa wa kazi wa serikali, kutoka Lindi kuuliza habari za kifo hiki. Mimi nitasema kuwa kifuniko kilitolewa. Nilimwambia nyapara, akanijibu kama naogopa nikalime muhogo. Lakini mimi ni sauti moja, tena ya mtu wa bara. Nimekuja kuuliza, labda Salumu alipata kusema neno hapa nyumbani."

Tasbihi ikasimama mkononi mwa mzee Pazi. "Alisema na nani? Mimi hakuniambia."

Nyuma ya ukuta wa makuti, Mwahija alivuta kaniki mpaka machoni.

Abdala akacheka kidogo, kicheko cha adabu, cha msibani. "Ndugu Tomaso, watu wanasoma khitma, wewe unatuletea mambo ya boma, ya serikali? Sisi kwetu mtu akifa hatumtafutii mwuaji. Siku yake ikifika imefika, hata awe kitandani kajifunika shuka."

"Karani, hata mimi nina Mungu. Lakini kwetu tumefundishwa kila tendo lina mwenyewe. Kifuniko kile hakikutolewa na Mungu. Mungu alikuja pale na spana?"

"Astaghfirullah!" Majamvi yakavuma. Kijana mmoja akanyanyuka nusu. Mzee Pazi akainua kiganja.

"Mwacheni, yuko kwangu." Kisha akamgeukia Tomaso, wala hakuwa na hasira. "Nisikilize. Siku ya Salumu iliandikwa kabla mama yake hajamchukua mimba. Hilo ndilo linalonilaza nikapata usingizi. Ukiniondolea hilo unanipa nini badala yake? Unaniambia mwanangu kafa kwa bati. Kwamba bati lingekuwapo, saa hizi angekuwa hapa anakunywa kahawa na sisi. Nitakaa vipi na neno kama hilo? Wewe kijana, niambie, mtu anakaa nalo vipi?"

Tomaso akatazama vidole vya miguu yake, vimepasuka kwa utomvu wa mkonge.

"Sijui, mzee. Mimi najua kwamba kuna mwingine atasimama pale."

*

Bwana wa leba alikuwa kijana, pua imembabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limekaa wima. Alikaa katika ofisi ya shamba, meneja kando yake, Abdala mwisho wa meza na karatasi. Watu wa Mchinga walijaa barazani mpaka nyapara akawapigia kelele washuke. Bi Sada alishuka ngazi moja.

Nyapara alisema hakumbuki kifuniko chochote. Tomaso akasema yake yote, mpaka siku kilipotolewa, na mahali kilipolazwa nyuma ya ghala. "Na marehemu alilijua hilo," akaongeza. "Kama mama yake anajua, sina hakika. Muulizeni."

Mzee Pazi alitangulia kuulizwa, akasema maneno manne: siku yake ilikuwa imefika. Kisha ikawa zamu ya Mwahija. Hakuwa amepata kuingia ofisi ile hata siku moja. Alipewa kiti, akakaa ncha yake, kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Mama, pole sana. Je, mtoto wako alikuambia kwamba mashine ilikuwa na hatari?"

Mwahija akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu nyekundu, imesuguliwa ikang'aa. Akifumbua mdomo kusema ndiyo, swali la pili alikwisha lisikia kabla halijaulizwa: na wewe ulimjibu nini? Angelijibu mbele ya Pazi, mbele ya Abdala, na Sada kasimama ngazini. Mji mzima ungejua kabla ya adhuhuri kuwa mama alijua, na alimrudisha mtoto kwa kisamvu na dua.

"Mungu ndiye mjuzi," akasema.

"Lakini alikuambia?"

"Bwana, mimi mtu wa jikoni. Mashine nitazijulia wapi?"

Barazani mtu akacheka. Bwana wa leba akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ninauliza tena kwa sababu jambo hili ni kubwa. Yupo mtu aliyefanya kosa, hata mtoto wako akafa? Mtu yeyote. Usiogope."

Kwa siku sita Mwahija alikuwa amewajibu wote waliokuja kumpa pole, mia labda, kwa maneno yaleyale. Yalikuwa tayari ulimini, yamelainika kwa kutumiwa. Yakatoka yenyewe.

"Ni kazi ya Mungu, bwana. Hapana wa kulaumiwa."

"Alhamdulillahi," mzee Pazi akasema kwa sauti ndogo.

Kwa Mwahija hiyo ilikuwa adabu ya msiba, kama kumwambia mgeni karibu hata chungu kikiwa kitupu. Lakini kalamu ya Abdala ilikuwa inakwenda, na mwisho wa meza adabu iligeuka ushahidi. Bwana wa leba alingoja kidogo, kama mtu aliyetoa noti dukani anangoja chenji. Haikuja. Akasukuma kisahani cha wino. Abdala alimshika Mwahija dole gumba, akalibingirisha kulia na kushoto, polepole, kama anamsaidia.

Tomaso alikuwa kasimama mlangoni. Hakumtazama mama. Alikuwa anaikunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja.

*

Alhamisi walimrudishia Tomaso kipande chake, ile kadi ya siku thelathini za kazi, siku kumi na tisa zimetiwa alama na kumi na moja zilizobaki wakazipiga mstari. Mchochezi, wakasema. Nyumba ya shamba aihame kabla ya Jumapili.

Yustina alipita kwa Mwahija, mtoto mgongoni, ungo mkononi.

"Hodi. Nimeleta ungo wako, mama Salumu. Ulikuwa kwangu tangu mfungo."

"Karibu ndani, mwanangu. Kaa basi, unywe hata maji."

"Sikai. Lori la Nyangao halingoji." Lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni, akimbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia. "Mama, mimi sikuja kugomba. Nataka kuuliza tu, maana nyie mmesoma dini kuliko sisi. Mume wangu mwaka jana alishikwa na homa siku mbili. Akaenda kwa karani, akamwambia Mungu hakupenda aje. Unajua Abdala alimwambia nini? Alimwambia homa ni ya Mungu, lakini uvivu ni wako. Wakamkata zile siku."

Mwahija aliupokea ungo.

"Basi mimi nashangaa," Yustina akaendelea. "Mbona Mungu wa pale ofisini anatumwa kazi upande mmoja tu? Sisi tukikosa, tumekosa sisi. Wao wakikosa, kakosa Mungu."

"Yustina, mwanangu..."

"Tomaso alimpenda Salumu. Hata ndoo ya maji walikuwa wanachangia. Kwaheri, mama. Ungo nimeupangusa."

Mwahija akabaki na ungo. Bi Sada, aliyekuwa akipita njia kwa bahati, kama kawaida yake ya kupita kwa bahati, alitia kichwa uani. "Huyo Mmwera mdogo kakuambia nini? Umebadilika rangi."

"Kaleta ungo."

"Ungo tu?"

"Ungo tu, Sada. Nenda."

Na Sada, jambo la ajabu, akaenda.

*

Ijumaa jioni Nassibu alirudi kutoka shambani anacheka. Alikuwa mdogo wake Salumu, miaka kumi na tisa, na tangu aanze kazi alikuwa mkata majani, kazi ya jua na miiba. Aliuvua mguu wa kandambili ya mpira wa gari, akautupa, akasema, "Mama! Wamenihamisha. Kuanzia Jumatatu niko kiwandani, nafasi ya kaka. Abdala kasema ni heshima ya msiba wetu."

"Mungu mkubwa," mzee Pazi akasema. "Anafunga huku anafungua kule."

"Nafasi ipi?" Mwahija akauliza.

"Ileile ya mkandani."

"Kifuniko kimerudishwa?"

Nassibu akamshangaa. "Kifuniko? Sijakiona, mama. Mkanda mzuri tu, mpya. Ule mwingine waliukata."

Mzee Pazi akainua macho. Ndoa yao ilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mtu akikaa na mtu miaka yote hiyo anajua swali linapotoka penye kujua. "Mama Salumu. Kifuniko unakijulia wapi wewe?"

Hakumjibu. Akaenda kupika.

Jumamosi ilikuwa siku ya mshahara. Watu walipanga foleni mbele ya dirisha la ofisi, meneja kakaa ndani, Abdala anaita majina. Wanawake huwa hawaji pale ila wauza mihogo ya kuchoma. Mwahija alipita kati ya foleni, kaniki bado mwilini, watu wakampisha wakidhani amekuja kuchukua mshahara wa siku za marehemu.

"Abdala. Lete ile karatasi."

"Shikamoo, mama. Karatasi ipi?"

"Niliyotia dole. Nataka kusema upya."

"Mama, ile ilikwisha kwenda Lindi. Imefungwa."

"Basi fungua nyingine uandike." Hakuipandisha sauti, lakini waliokuwa mwisho wa foleni wakasogea. "Andika Salumu aliniambia. Aliniambia mkanda uko wazi, akaniuliza aende kwa meneja au anyamaze. Mimi, mama yake, nikamwambia kula. Nilisema hapa kuwa hapana wa kulaumiwa. Nilisema uongo. Wa kulaumiwa wapo. Wa kwanza ni mimi, andika jina langu juu. Halafu andika la nyapara. Halafu la huyo aliyekaa nyuma yako. Na Nassibu akifa, msiniletee mchele."

Foleni nzima ilitazama chini. Watu mia na zaidi. Mzee mmoja alianza kukohoa, akakaa nacho kile kikohozi muda mrefu kuliko kilivyohitajiwa.

Meneja aliinua kichwa, akauliza jambo kwa Kizungu. Abdala alijibu akitabasamu. Kisha akamwambia Mwahija, pole kabisa, "Nimemwambia umekuja kushukuru kwa mchele. Nenda nyumbani, mama. Una msiba, hakuna atakayekushikia maneno."

Akaita jina lililofuata.

*

Mzee Pazi alipata habari sokoni, na aliyempa si mwingine ila Bi Sada, ingawa siku hiyo Sada mwenyewe alisimulia akilia. Akarudi nyumbani, akasimama mlango wa jikoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

Mwahija akangoja apigwe, au aachwe, au aambiwe lolote. Hakuambiwa. Tangu usiku ule mzee alichukua jamvi lake akahamia barazani, akawa anapelekewa chakula na Nassibu. Nassibu naye alimpita mama bila salamu, maana vijana wenzake walimwuliza ni lini mama yake atakuja kumfunga mkanda wa suruali. Jumatatu alikwenda kazini. Mwahija alimshika mkono mlangoni, yeye akautoa polepole, kidole kimoja kimoja, kama anavyoutoa mkono wa mtoto.

"Mama, nikiacha tutakula nini? Kila mtu anasimama pale. Sitakufa leo."

Wanawake walipungua uani. Waliokuja walileta maneno ya kumtuliza, na yote yalikuwa yale aliyozoea kuyasema yeye: Mungu kapenda, usijitese, kukosa subira ni kumkosoa Muumba. Aliyasikia kama mtu anayesikia jina lake likiitwa katika nyumba aliyokwisha kuihama. Bi Sada peke yake alikuwa anakuja hana neno, anachukua kinu, anatwanga, anaondoka. Mji ulisema Sada anaumwa.

Siku ya tisa tangu aanze kiwandani, Jumanne, Nassibu alirudi mapema kidogo. Baba yake alikuwa barazani, mama yuko jikoni anapepeta. Alisimama kati yao, mahali wanapomsikia wote wawili, kwa kuwa hakujua amwambie nani kwanza.

"Wamekirudisha kifuniko."

Mzee Pazi akashusha tasbihi. "Nani kaamuru?"

"Hakusema mtu. Tulipokuwa tunapumzika saa nne, fundi alikuja nacho kutoka nyuma ya ghala, akakifunga. Nyapara aligeuka upande wa pili kana kwamba haoni. Wala hawataki kulisikia tena jambo hilo."

"Alhamdulillahi." Mzee aliinuka, akaja hata mlango wa jikoni, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Uso wake ulikuwa na nuru, alitaka kuigawa na mkewe, alitaka wapatane. "Umeona, mama Salumu? Si wewe, si Tomaso, si meneja. Saa yake ilikuwa haijafika tu. Mungu akitaka jambo liwe, linakuwa."

Mwahija aliusimamisha ungo.

"Nassibu. Huyo fundi alichukua muda gani?"

"Muda gani vipi, mama?"

"Kukifunga. Ilikuwa kazi ya siku nzima? Waliita watu?"

Nassibu akafikiri. Alikuwa kijana mkweli, wala hakuona kuna ubaya gani katika swali lile.

"Hapana. Alikuwa peke yake. Boliti nne tu, mama. Sigara aliyoiwasha alipoanza ilikuwa haijaisha."

Mzee Pazi alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki pale usoni peke yake, likakosa pa kwenda. Akashika mwimo wa mlango, kisha akajishusha mpaka chini, kwenye majivu, kando ya mkewe, mzee wa watu mwenye neno kwa kila msiba wa Mchinga, na hakupata neno.